Uongo Njoo, Utamu Kolea



Swali la leo sikulitafuta. Lilinikuta kwenye kibanda umiza, Kisaki, siku mbili baada ya Krismasi. Nilikuwa nimerudi nyumbani likizo, na ukiwa Kisaki jioni mambo ya kufanya si mengi. Unasalimia wazee, unauliza tembo wameingia shamba la nani, unakaa kidogo barabarani kuona kama kuna gari limetoka Morogoro, halafu unaenda bandani. Mia tatu mlangoni, mabenchi ya mbao, umeme wa sola, na runinga imefungiwa ndani ya kreti la chuma kama kuku.

Siku hiyo kulikuwa na Hanu-Man, ile ya mwaka 2024. Kama hujaiona: kuna kijana mwizi mwizi wa kijijini, hana mbele wala nyuma, anaanguka majini na kuibuka na jiwe la ajabu lenye nguvu za Hanuman, yule anayeheshimiwa na Wahindu kama mungu mwenye sura ya nyani. Basi dogo anaanza kurusha watu kama maganda ya karanga. DJ anatafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti, anachomekea vichekesho vyake, banda zima linapiga kelele. Nami napiga kelele.

Ndipo kijana mmoja nyuma yangu akaniambia, tena kwa heshima kabisa, "Kaka, si wewe uliyekuwa unatufundisha Kipaimara? Sasa mbona unashangilia miungu ya watu?"

Watu wakacheka. Nikamjibu, "Ni picha tu, bwana." Akasema, "Haya, picha tu."

Picha ikaendelea, lakini mimi nilishatoka. Neno lile "tu" ndilo lililonisumbua, kwa sababu kuna picha nyingine niliyowahi kuiangalia Kisaki, na ile haikuwa picha tu. Nitaifikia.

Kwanza tuelewane hizi picha zenyewe ni nini. Sisi tunaziita za Kihindi zote, lakini Hanu-Man haikutengenezwa kwa Kihindi. Ni ya Kitelugu, lugha ya majimbo ya Andhra Pradesh na Telangana, na makao yake makuu ya sinema ni Hyderabad. Wenzetu hawa wana mazoea ya siku nyingi ya kuchukua ngano za bibi na babu na kuzifanya filamu. Mwaka 1951 mwongozaji K. V. Reddy alitoa Pathala Bhairavi: mtoto wa mtunza bustani anampenda binti mfalme, mchawi anamdanganya ili amtoe kafara, kijana anamgeuzia kibao na kuondoka na sanamu ya maajabu. Mwaka 1957 akatoa Mayabazar. Steringi wa Pathala Bhairavi, N. T. Rama Rao, aliigiza kama shujaa na kama mungu mara nyingi sana, halafu akaingia kwenye siasa na mwaka 1983 akawa waziri kiongozi wa Andhra Pradesh. Kumbuka hilo kabla hujasema picha ni picha tu.

Baadaye mtindo huo ulififia. Zikaja picha za mjini, za ngumi na mapenzi, na ngano zikawa zinatokea mara mojamoja. Kisha S. S. Rajamouli akaleta Baahubali, sehemu ya kwanza 2015, ya pili 2017, na mlango ukafunguka tena. Kompyuta sasa zinaweza kuchora kile ambacho zamani bibi alikichora kwa mikono hewani. Zikafuata Karthikeya 2, Bimbisara, Virupaksha, Hanu-Man, na 2025 Mirai. Zote zinarudi kwenye mambo ya kale: mapango, majoka, laana, vitabu vya siri. Na zote, kwa njia wanazozijua wenyewe wauza flashi, zinafika Kisaki.

Sasa swali la yule dogo. Je, Mkatoliki akishangilia Hanuman bandani, ameabudu?

Mimi nasema hapana, na sisemi hivyo kwa kujitetea. Kuabudu ni kumpa mtu au kitu nafasi ya Mungu: kukitumaini, kukiomba, kukipa moyo. Tangu nizaliwe sijaona mtu wa Kisaki aliyetoka bandani akaenda kumwomba Hanuman mvua. Tunatoka tumechoka kucheka, tunakwenda kulala. Paulo alipofika Athene aliuzunguka mji wao wa sanamu, akazitazama vizuri hadi akakuta madhabahu ya mungu asiyejulikana, na hotuba yake akaianzia hapohapo. Kama angepita amefumba macho asingepata pa kuanzia. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, katika hati juu ya dini zisizo za Kikristo, ulitaja dini ya Kihindu kwa jina na kusema Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu ndani yake. Hii haina maana kwamba dini zote ni sawasawa. Maana yake ni kwamba unapoangalia jambo ambalo jirani yako analiheshimu, uliangalie kwa adabu. Kwa kweli kilichonipa aibu siku ile kilikuwa zile kelele za "nyani! nyani!" tulizokuwa tunapiga, na mimi nikiwamo. Kushangilia hakukuniletea aibu. Kuna Mhindu mahali fulani ambaye angeumia kutusikia, kama mimi ninavyoumia mtu akifanyia Ekaristi mzaha.

Halafu Biblia yenyewe haiogopi ngano. Katika kitabu cha Waamuzi miti inatafuta mfalme na kuongea kama watu. Kwenye Ufunuo kuna joka la vichwa saba. Nathani alipotaka kumwambia Daudi ukweli mchungu, alimtungia kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Kisa cha kutunga kabisa, na kikamkamata mfalme pale ambapo mahubiri yangemkosa. Bwana wetu naye, yule Msamaria mwema hakuwa na kitambulisho.

Nina neno langu dogo la pembeni kuhusu Baahubali, mnivumilie. Ile picha naipenda, nimeiona mara nne. Lakini kadiri umri unavyokwenda kuna kitu kinanikera. Steringi analelewa na watu wa kawaida chini ya maporomoko, na mwishoni tunaambiwa ana nguvu zile kwa sababu ni damu ya mfalme. Kumbe ushujaa ni wa ukoo! Ile ya 1951, mtoto wa mtunza bustani anashinda akiwa mtoto wa mtunza bustani. Mtu anayesali wimbo wa Bikira Maria kila jioni, ule wa wakuu kushushwa na wanyonge kuinuliwa, aione tofauti hiyo. Hapo mimi naona kuna la kujihoji zaidi kuliko kwenye miungu, kwa sababu mungu wa kigeni unamtambua mara moja, ila wazo la kwamba kuna damu bora linaingia huku unakula bisi.

Basi. Sasa nirudi nyumbani.

Bibi yangu alitukuza kwa ngano. Usiku, baada ya ugali, tunakaa mkekani, yeye anasema, "Hadithi, hadithi!" Sisi: "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Ninyi nyote mnaijua hiyo, mmeisema mara mia bila kuisikiliza. Hebu isikilize. Watoto wanauita uongo kwa jina lake. Wanaukaribisha, wanaukalisha, na wote pale mkekani wanajua ni nani amekaribishwa. Sungura akimdanganya fisi, hakuna anayekwenda kesho kumshitaki sungura. Na mwisho bibi anaufunga mlango, "hadithi yangu imeishia hapo," tunakwenda kulala. Uongo umebaki nje na utamu wake tumelala nao.

Kwa mawazo yangu DJ wa bandani anafanya kazi ileile ya bibi. Tanzania tulianza na Lufufu, mzee wa kutafsiri kanda za video. Kenya wana DJ Afro. Watu wanawadharau kwamba wanaharibu picha kwa maneno mengi. Lakini msikilize DJ vizuri: adui anatokea na upanga, muziki unatetemesha benchi, na DJ anasema, "Huyu jamaa asubuhi hajanywa chai." Banda linacheka. Ule mzaha unakukumbusha uko Kisaki na ile ni picha. Mlango anauacha wazi muda wote.

Na kulikuwa na hadithi nyingine ambazo bibi alizisimulia bila kuita uongo. Alishusha sauti. Hizo zilikuwa za Kolelo. Wengi wenu wa Morogoro mmelisikia jina hilo. Huko Kolero, milimani Uluguru, kuna pango ambako wazee wa Waluguru, Wakutu na Wazaramo walipeleka maombi yao ya mvua na mavuno, na mwenye pango alisemwa kuwa nyoka mkubwa. Hata wakati wa Majimaji, 1905, maneno yalisambaa kwa jina la Kolelo kwamba watu wasilipe kodi ya Mjerumani. Bibi ni Mkatoliki wa rozari mkononi. Jumapili hakosi. Nilipomuuliza, nikiwa mkubwa, kama anaamini Kolelo yupo, alinitazama akasema, "Mume wangu, mimi nasali kwa Mungu. Lakini pango silitukani." Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina lote. Katekisimu iko wazi, namba 2116 na 2117: kupiga ramli, uganga wa kutafuta nguvu za siri, uchawi, vyote tumevikataa. Bibi naye amevikataa. Alichobakiza ni adabu kwa mahali ambapo watu wake walilia kwa ajili ya mvua. Sijathubutu kumwita mpagani, na nadhani sitathubutu.

Kwa hiyo mgawanyo wangu mzuri wa "hadithi zenye mlango na zisizo na mlango" hautoshi. Kolelo hakuwa na mlango, na sikumbuki kwamba kisa cha Kolelo kilimdhuru mtu yeyote pale kwetu. Kilichodhuru ni kingine.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Banda la wakati huo lilikuwa la turubai na jenereta. Ikaletwa picha ya Kibongo ya kutisha, jina lake naliacha. Isije ikadhaniwa ni Nsyuka au Shumileta za Mussa Banzi, sizo. Katika picha ile kulikuwa na bibi kizee mwenye macho mekundu, anakula watoto wa kijiji usiku. Hapakuwa na DJ, maana lugha ilikuwa yetu. Mwanzoni yaliandikwa maneno kwamba ni kisa cha kweli. Hakuna aliyesema uongo njoo.

Mtaani kwetu kulikuwa na bibi mmoja anayeishi peke yake. Alikuwa anauza vitumbua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi wa kuni wa miaka hamsini, kama macho ya nusu ya bibi zetu. Kesho yake asubuhi, tukienda shule, mmoja wetu alimwona akasema jina la yule wa kwenye picha. Mmoja wetu huyo nilikuwa mimi.

Likashika. Ndani ya wiki watoto wote walikuwa wanaliimba akipita. Wakubwa walikuwa wanacheka. Vitumbua vikaanza kulala. Kisha masika yakaingia, na mtoto wa nyumba ya jirani akafariki kwa degedege, kama walivyokuwa wanafariki watoto kila masika. Na hapo wakubwa wakaacha kucheka. Nilisikia jina nililolitoa mimi likisemwa kwa sauti ya chini na baba za watu. Usiku fulani mawe yalipigwa kwenye bati lake. Mawili yalikuwa yangu. Baada ya siku chache binti yake alikuja akamchukua, wakaenda upande wa Dutumi, na nyumba ikaota majani.

Aliondoka akiwa hai. Nashukuru Mungu kwa hilo, maana mnajua wenyewe Shinyanga, Mwanza na Tabora wazee wangapi walikatwa mapanga kwa macho mekundu tu.

Yale mawe nilishayaungama zamani, kabla ya Kipaimara. Lile jina sikuliungama. Halikuwahi hata kuniingia akilini kwamba ni dhambi, kwa sababu ilikuwa picha tu. Mpaka yule dogo aliponirudishia neno langu. Katekisimu namba 2477 inaorodhesha dhambi dhidi ya heshima ya mtu: kumhukumu mwenzako moyoni bila msingi, kufichua makosa yake bila sababu, kumsingizia. Ni Amri ya Nane. Nilipokuwa nafundisha Kipaimara nilikuwa naipita haraka, "usiseme uongo," tunaenda ya tisa.

Na hapo ndipo nimefika mimi, kwa sasa. Mtaguso, katika hati yake ya 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, haukukataza kuonyesha uovu kwenye filamu. Ulisema kuonyesha uovu kunaweza kutusaidia kumjua mwanadamu kwa undani, mradi sheria ya maadili iheshimiwe. Kwa hiyo mchawi kwenye picha si tatizo. Virupaksha ya 2023 ina uchawi kuliko picha zote nilizozitaja. Inaanza na wanakijiji wakiwachoma moto mume na mke wanaowatuhumu kuroga watoto, na yule mama anakilaani kijiji akiwa motoni. Niliiangalia peke yangu kwenye simu, nikashindwa kuendelea kwa muda. Zamani ningetazama mchawi. Safari hii nilitazama wale waliobeba mienge, nikajitafuta humo.

Mtakatifu Augustino anajilaumu katika Maungamo yake kwamba ujanani alimlilia Dido, malkia wa hadithini aliyekufa kwa mapenzi, huku roho yake mwenyewe inakufa na machozi hana. Wengine wanasoma hapo kwamba alikuwa anachukia hadithi. Mimi naona alikuwa anauliza machozi yake yalikwenda wapi yalipotoka kitabuni. Nami najiuliza hofu yangu ya bandani, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ilikwenda wapi ilipotoka kwenye turubai. Ilikwenda kwenye nyumba ya muuza vitumbua. Hofu ya Kolelo ilikwenda pangoni, mbali, ikamwachia Mungu mvua yake. Shangwe ya Hanu-Man ilikwenda kulala. Picha zote tatu zilikuwa za maajabu, ila moja ndiyo ilitafuta mtu aliye hai wa kumkalia.

Najua mtaniuliza, kwa hiyo ni kosa la picha au ni kosa lako? Yote mawili, lakini la picha sijui kuliungama. Natamani siku moja vijana wa Morogoro watengeneze filamu ya Kolelo, yenye milima yetu na ukungu wetu. Tulishaonyesha tunaweza kusimulia wahenga kwa heshima: Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya 2001, ilikuwa filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania Oscar, nayo inahusu mhenga anayemwita mwanamke mgonjwa. Lakini atakayeitengeneza hiyo ya Kolelo awe na bibi aliye hai.

Niliungama mwezi wa kwanza. Padre alisikiliza, akakaa kimya kidogo, akauliza kama yule mama bado yupo. Nikasema sijui. Akasema, "Kajue."

Bibi alikuwa anajua muda wote. Alinipa jina la kitongoji bila kuniuliza kwa nini. Nikapanda gari la Morogoro, nikashuka Dutumi, nikatembea. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha mwembe, anasuka mkeka, macho hayaoni vizuri tena. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Wa nani wewe?" Nikamtajia. Nikamweleza lote, la jina na la mawe, nimechuchumaa pale, jasho linanitoka. Alikuwa anaendelea kusuka.

Akasema mawe anayakumbuka, mimi hanikumbuki, watoto walikuwa wengi. Halafu akaniuliza, "Na lile jina mlilokuwa mnaniimbia, lilitoka wapi?"

Nikamwambia, kwenye picha, bibi. Akataka kujua ilihusu nini. Ikabidi nimsimulie, mwanzo mpaka mwisho, yule kizee na watoto na usiku. Alisikiliza yote. Nilipomaliza akanionyesha ndoo kwa kidole, akasema maji yako bondeni, na mjukuu wake hajarudi shule.

Nilichota ndoo tatu. Gari la kurudi lilipita saa kumi na moja.